Cheti Kisicho na Dawa

Ujiji, Jumapili, alasiri

Mwanangu Rehema,

Nakuandikia nikiwa chumba cha pili, na wewe uko uani na mama yako mnafunga begi. Nawasikia. Amekwisha kukuambia habari za chandarua, habari za sabuni isikae pamoja na unga, na habari za watu wanaonyoosha mikono madirishani treni ikisimama. Kwa hiyo hayo nayaacha. Anayajua kuliko mimi, na kesho stesheni atakuambia yote upya.

Mimi nimeshika madaftari yangu. Unayajua, yale ya jalada gumu yaliyo juu ya kabati, ambayo ulipokuwa mdogo uliniuliza kama ni ya serikali. Nimeshusha moja tu, la mwaka uliokuwa darasa la tatu, mwaka wa pili tangu wakimbizi waanze kujaa mjini kwetu. Ndilo daftari ninalolionea aibu kuliko yote, na ndilo ninalotaka kukusimulia kabla hujaondoka.

Mwaka ule uliniuliza mara mbili mama anaumwa nini. Tarehe zote mbili ninazo hapa. Mara zote nilikujibu kwamba ni malaria. Haikuwa malaria, nami nilijua.

Mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimeshika, mama yako alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Wewe ulikuwa umepelekwa kwa shangazi yako huko Rusimbi, ukaambiwa mama amesafiri. Mimi nilikuwa kazini. Nilipofika hospitali, baba yangu mdogo na wazee wawili walikuwa wamekwisha kumzika. Walifanya kwa huruma, ili wanipunguzie. Unaijua desturi yetu: mtoto ambaye hakulia hakaliwi matanga. Hautandikwi mkeka, hawaji wanawake kulala kwako, hakuna anayekupikia. Majirani walisimama mlangoni, wakasema Mungu atawapa mwingine, wakaenda zao. Siku ya nne mama yako alichukua ndoo akaenda bombani kama watu wengine. Siku ya kumi hakuamka.

Namaanisha alifumbua macho, akajua ni asubuhi, akageukia ukutani. Na kesho yake vilevile.

Wakati huo nilikuwa karani na mgawa dawa wa zahanati. Nilikaa nyuma ya dirisha dogo, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na kila mtu wa Ujiji aliyeumwa alipita mbele yangu. Mtu wa namna hiyo mkewe akiumwa anafanya nini? Anampa dawa. Nilianza na klorokwini, ingawa kipimo hakikuonyesha kitu. Nikaenda kwenye vidonge vya kuongeza damu, kisha vitamini, na mwisho nilimwomba daktari wa hospitali vidonge vya usingizi, akaniandikia. Kila jioni nilimpelekea mama yako kidonge na bilauri ya maji, nikasimama pale mpaka anywe, kisha nikaandika. Nakunukulia kurasa zilivyo:

"Jumanne. Kidonge kimoja baada ya isha. Amelala kwa saa sita. Uji vijiko vinne."

"Jumatano. Kidonge kimoja. Amelala kwa saa saba. Uji vijiko vitatu. Hajatoka nje."

"Alhamisi. Kama jana."

Kurasa na kurasa za hivyo, Rehema. Wiki kumi na moja. Nimezisoma zote leo mchana baada ya chakula, na nimetafuta kitu kimoja tu: neno lolote alilosema mama yako. Hakuna. Niliandika vijiko, sikuandika neno.

Na kuna jambo jingine ambalo daftari halina, ila wewe unalo kichwani. Wanawake wawili watatu walikuja kubisha hodi siku za mwanzo. Nilikuweka mlangoni, nikakufundisha cha kusema: "Mama amelala, amesema mje siku nyingine." Sentensi hiyo uliijua vizuri. Ulikuwa unaisema hata kabla mtu hajamaliza kuitikia shikamoo yako. Mama hakuwa amesema hivyo. Ni mimi. Sikutaka watoke hapa wakasema mgawa dawa ameshindwa kumtibu mkewe. Ilipofika mwezi wa tano walikuwa wameacha kubisha, nami nikaandika: "Nyumba imetulia." Nilikutumia wewe kumfungia mama yako mlango, na ulikuwa na miaka tisa. Naomba unisamehe kwa hilo kwanza, kabla ya mengine.

Sasa nikupeleke zahanati, maana mambo haya mawili yalikwenda sambamba mwaka mzima na mimi sikuona kwamba ni jambo moja.

Umekulia kando ya mwalo wa wavuvi, kwa hiyo sihitaji kukueleza giza na mbalamwezi. Siku za giza wavuvi wanaingia ziwani na karabai, na asubuhi ufuko wote umejaa wanawake wanaanika dagaa mchangani. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapandishwa, na mchanga unabaki mtupu wiki nzima au zaidi. Mwaka ule nusu ya wanawake wa pale walikuwa wametoka ng'ambo ya ziwa, wakikimbia vita. Wapo waliokuwa na ndugu hapa tangu enzi za mababu, wakapokelewa majumbani, na wapo waliokuwa wanangoja kupelekwa makambini.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika, niliona kitu. Wiki ya mbalamwezi foleni yangu ilijaa wanawake wa mwaloni. Kichwa, kifua, mgongo, moyo kwenda mbio, usingizi hakuna. Giza likirudi, wanapotea. Mwezi ukiwaka, hao tena. Nilifuatilia miezi minne, tangu mwaka uliotangulia, nikapiga mistari, kisha nikampelekea hesabu yangu Sista Koleta, muuguzi mkuu wetu. Unamkumbuka: Muha wa Kasulu, mnene, mwenye sauti ya chini, aliyekuwa akikusalimia "mwakeye", salamu yao ya asubuhi, hata ikiwa saa tisa alasiri ili ucheke.

Nilimwambia wanawake hawa wanatuchezea. Wakiwa na kazi wazima, wakikosa kazi wanakuja kumaliza dawa zetu.

Aliangalia mistari yangu kwa muda mrefu, mpaka nikadhani atanisifu. Akasema, "Karani, hesabu nzuri. Jibu ndilo bovu."

Akanieleza kwamba siku za giza wanawake wale wako pamoja tangu alfajiri, wanaanika, wanageuza, wanafukuza kunguru, wanatukanana na kucheka. Asiyeonekana, jua halijapanda wameshamuulizia. Mwezi ukiwaka, kila mmoja yuko chumbani kwake na yale aliyoyaona huko alikotoka. "Kichwa kinauma kweli," alisema. "Nani kakwambia hakiumi? Ila umempa aspirini ya kutibu kukaa peke yake."

Tangu siku hiyo alikuwa na swali moja alilouliza kila mgonjwa wa namna ile, baada ya kumpima vizuri na kuhakikisha hana homa wala presha wala kifua kibaya. Alimuuliza hivi: "Kesho usipotoka nje, nani atakuwa wa kwanza kuuliza?" Aliyetaja jina, alimpa dawa yake na kumruhusu. Aliyenyamaza, alimwandikia cheti. Karatasi zilikuwa haba, kwa hiyo tulikata maboksi matupu ya dawa vipande vipande, na juu yake hapakuandikwa dawa. Paliandikwa mtu na mahali. Nenda kwa fulani anayesuka mikeka huko Buzebazeba, mwambie umetumwa na Koleta. Nenda kwa mzee fulani anayekamua mawese, anahitaji mtu wa kuzungumza naye mtambo ukizunguka. Kazi yangu ilikuwa kuandika vile vyeti kwa mwandiko unaosomeka, kugonga muhuri, na kuvitoa dirishani kama dawa nyingine yoyote.

Niliona haya. Mtu ametembea tangu alfajiri, unampa kipande cha boksi. Mzee mmoja alikigeuza huku na huku akaniuliza, "Hiki nimeze kabla ya chakula au baada?" Foleni nzima ilicheka, nami nikacheka kwa mdomo tu. Wiki mbili baadaye alirudi kuniambia kwamba amekimeza, na kwamba anataka kingine cha jirani yake.

Kwa wanawake wa mwaloni hapakuwa na mahali pa kuwatuma, mpaka alipokuja Mama Mapendo. Alitoka ng'ambo, akapokelewa huko Kasingirima na mjukuu wa shangazi wa mama yake. Mama Mapendo alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa kitenge kilekile kila siku kikiwa safi kila siku. Watoto wake wawili walibaki njiani kabla hajafika majini. Hakusema zaidi ya hapo na hatukumuuliza. Koleta alipomtupia lile swali lake, Mama Mapendo hakunyamaza kama wengine. Alirudisha swali.

"Huku kwenu, mwezi ukiwaka, kila mutu anajifungia kwake?"

Koleta akasema ndiyo, ndivyo ilivyo.

"Sisi kule tulikuwa tunaenda kusafisha mchanga. Tunaokota mawe, tunafagia, tunapika chungu kimoja, tunakaa. Ule ndio ulikuwa wakati wetu. Siku za dagaa nani ana nafasi ya kukaa?"

Koleta akanigeukia pale pale. "Karani, andika. Mama Mapendo, mwaloni, mwezi ukiwa mkubwa, asubuhi. Andika vyeti vingi."

Mara ya kwanza walikuwa wawili. Mwezi uliofuata walikuwa tisa, halafu nikaacha kuhesabu, jambo ambalo kwangu si dogo. Foleni ya mbalamwezi ikapungua. Si kwamba iliisha, lakini ilipungua, na aliyekuja alikuja na ugonjwa ulioonekana. Nilianza kujiona mtaalamu. Niligawa vyeti mpaka nikapitiliza: siku moja nilimwandikia mwanamume mmoja cheti cha kwenda kwa wacheza bao kabla hajamwona Koleta, kwa sababu alikuwa amekonda na anaishi peke yake. Koleta alimkuta mlangoni anakohoa. Akanipokonya kalamu mbele ya watu. Mtu yule alikuwa na kifua kikuu na alihitaji sindano na vidonge, miezi na miezi. "Cheti hiki hakichukui nafasi ya dawa," aliniambia baadaye, kwa sauti ile ya chini. "Kinachukua nafasi ya upweke tu. Usivichanganye." Nimeandika maneno yake hapa, na chini nimepiga mistari miwili.

Na jioni, Rehema, mtu huyu huyu mwenye vyeti alifunga dirisha lake, akarudi nyumbani, akampa mama yako kidonge na bilauri ya maji.

Utaniuliza kwa nini sikumwandikia yeye. Nimejiuliza miaka kumi. Nilijiambia kwamba anahitaji kupumzika, na nilijiambia kwamba wale wamepoteza nchi na watoto waliokwisha kutembea na kusema, wakati sisi tulikuwa tumepoteza mtoto ambaye hakulia. Lakini chini ya yote hayo palikuwa na kitu kidogo na kibaya. Wanawake wa mwaloni walinuka dagaa, walikaa chini mchangani miguu imenyooshwa, na nusu yao walikuwa wakimbizi. Mimi nilikuwa nikiwatuma watu kwao. Kumtuma mke wangu ilikuwa ni kukiri kwamba nyumbani kwangu pia pana mtu ambaye hakuna anayemuulizia.

Mwezi wa sita mwanzoni, siku ya Jumamosi, niliamua kuanika magodoro. Wewe ulishika upande mmoja, sijui kama unakumbuka. Nilipoinua godoro la mama yako nikaona kitambaa kimefungwa fundo. Nilikutuma dukani. Nikakifungua. Vidonge vyangu vyote vilikuwamo. Klorokwini, vya damu, vitamini, vya usingizi, wiki kumi na moja, vingine vimelowa na kukauka tena.

Sitaandika nilichokiogopa dakika ile. Umekua, utakijua. Nilikaa kitandani kwenye kamba tupu, kitambaa kiko magotini, na mama yako alikuwa ameegemea mlango ananitazama.

"Usiogope," alisema. "Sikuviweka ili nivimeze. Nilikuwa navitoa mdomoni ukigeuka kuandika. Nisingeweza kuvitupa, wewe unahesabu."

Nilimwambia nimeandika kwamba amelala. Kila siku nimeandika saa.

"Nilikuwa nimefumba macho."

Basi ndiyo hivyo. Daftari lote hili, mwandiko wote huu mzuri, ni uongo tangu ukurasa wa kwanza wa mwezi wa tatu mpaka hapo. Si uongo wake, ni wangu. Nilikuwa nimesimama karibu naye kila jioni kiasi cha kuweza kumgusa, na nilichokuwa nikikitazama ni saa ya mkononi. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

"Kila siku unaniuliza nimelala saa ngapi," alisema. "Hujaniuliza mtoto alifananaje."

Mwanangu, mimi sikumwona. Nilifika amekwisha kuzikwa, na kwa kuwa mimi sikumwona nilifanya kana kwamba hakuna aliyemwona. Yeye alimshika. Alikuwa naye mikononi kutoka alfajiri mpaka wazee walipokuja, na katika wiki zote hizo hakuna mtu hata mmoja aliyemwomba amsimulie.

Nilimuuliza. Alikaa kando yangu kwenye zile kamba akaniambia. Nywele nyingi, nyeusi, zimelala upande mmoja. Vidole virefu. Masikio yangu haya, ambayo wewe umeyaepuka kwa bahati. Kidevu kama chako. Alisema kwa muda mrefu, na uliporudi kutoka dukani ulitukuta tumekaa hivyo, ukauliza mbona magodoro bado yako nje na jua linazama. Jioni ile sikuandika kitu. Ukurasa upo hapa, una tarehe tu.

Jumatatu nilifanya tena kosa, ila dogo. Nilikata boksi, nikaandika kwa mwandiko wangu bora: Mama Mapendo, mwaloni, asubuhi. Nikagonga muhuri. Nikampelekea. Mama yako alikisoma, akakigeuza nyuma.

"Na namba umenipa?"

Kweli, kwa mazoea nilikuwa nimempa namba ya mgonjwa. Alicheka. Kicheko kifupi, cha puani, lakini nilikuwa sijakisikia tangu mvua. Hakukichukua cheti. Alisema kama ni kwenda ataenda kwa miguu yake bila muhuri wa mtu, na ataenda na Rehema.

Ulikwenda naye, ukashinda na watoto wengine kule majini, na ulirudi na mfuko wa kokoto ambazo tulizikanyaga ndani ya nyumba hii mwaka mzima. Mengine niliyapata kwa masimulizi ya mama yako, maana mimi nilikuwa dirishani kwangu. Anasema Mama Mapendo hakumuuliza anaumwa nini. Alimpa ungo, akamwonyesha upande wa kuokotea mawe. Waliokota mpaka jua likawa kali. Walipokaa kungoja ugali, ndipo Mama Mapendo alipomuuliza amezaa wangapi.

Mama yako akasema mmoja. Kisha akasema wawili.

"Wa pili anaitwa nani?"

Akasema hakupewa jina, hakulia, hakukaliwa matanga.

Mama Mapendo akamsogelea. "Wangu walikuwa na majina," alisema. "Hawana kaburi. Wako ana kaburi, hana jina. Wote hawajakaliwa. Tukae basi."

Wakakaa. Wanawake kumi na kitu, mchana kweupe, juu ya mchanga waliousafisha wenyewe, wa huku na wa ng'ambo. Aliyetaka kulia alilia, aliyetaka kunyamaza alinyamaza, na ugali ulipoiva walikula na mboga, kwa kuwa dagaa hawakuwapo. Pale ndipo ndugu yako alipopewa jina. Sitaliandika. Si langu kulitoa. Ukimuuliza mama yako atakuambia, na nadhani amekuwa akingoja umuulize.

Usidhani kuanzia siku ile alipona. Aliporudi alilala siku mbili. Lakini mbalamwezi iliyofuata alikwenda, na iliyofuata, na katikati ya hapo kuna siku nyingi mbaya ambazo nimeziandika, safari hii pamoja na maneno yake. Taratibu siku mbaya zikaachana. Ilipofika mvua nyingine alikuwa yeye ndiye anayegombana na wenzake kuhusu chumvi.

Halafu ikaja ile asubuhi ya mbalamwezi ambapo Mama Mapendo hakufika. Wengine walidhani amechelewa. Mama yako aliweka ungo chini kabla jua halijapanda, akaenda Kasingirima nyumba hadi nyumba, mpaka akaambiwa kwamba agizo la serikali la wakimbizi wote kwenda makambini limefika mtaani na Mama Mapendo amepandishwa lori tangu jana. Alikuja dirishani kwangu, miguu ina mchanga, akapita mbele ya foleni yote mbele ya mabwana wakubwa wa mji huu, akaniambia niandike barua. Harufu ya mwaloni iliingia hadi kwenye kabati la dawa. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia harufu ile.

Barua ilimfikia Mama Mapendo kambini baada ya wiki nyingi, kwa mkono wa dereva. Jibu lilikuja limeandikwa na mtu mwingine, fupi. Alisema amefika salama, wamepewa turubai, na kwamba walipomuuliza kambini ana nani Tanzania, alisema ana mtu aliyemuulizia siku ya kwanza tu aliyokosekana. Chini yake alisema kule hakuna ziwa, lakini mwezi upo, na ameshapata wanawake wanne. Wameendelea kuandikiana mpaka leo. Barua zake ziko kwenye lile kopo la maziwa ambalo mama yako hataki ulisogeze.

Sasa wewe. Unakwenda kujifunza ualimu Tabora. Hukuchagua kazi ya dawa, na mimi nashukuru kimyakimya. Ninachokiogopa ni kwamba umerithi vibaya. Kwangu umechukua orodha na kalamu, unaweza kupanga wiki nzima ya mtu na usijue amelia. Kwa mama yako umechukua kugeukia ukutani. Nilikuona mwaka juzi matokeo yalipotoka, siku mbili chumbani. Nilibisha mlango nikakuuliza kama umekula. Vijiko tena, Rehema. Miaka yote hiyo, na bado nilikuuliza vijiko. Ulisema umekula, nami nikaenda zangu. Nilipaswa kukaa chini pale mlangoni nikuulize ilikuwaje ulipolitafuta jina lako ubaoni. Nakuuliza sasa, kwa kuchelewa. Ukipenda, niandikie ilikuwaje.

Tabora hakuna ziwa, na hakuna atakayejua kwamba wewe ukiwa na huzuni unaongea vizuri zaidi na kufagia zaidi. Watakuona una heshima na unajituma. Watakusifu. Mimi nilisifiwa hivyo hivyo nyuma ya dirisha.

Ukiumwa, nenda hospitali na umeze dawa, tafadhali, usifuate mfano wa mama yako. Lakini kwenye mfuko wa pembeni wa begi, nyuma ya cheti cha shule, nimeweka kipande cha boksi. Zahanati nimestaafu, lakini maboksi bado wananipa. Juu yake nimeandika lile swali la Sista Koleta, Mungu amlaze pema, na chini nimeacha nafasi ya jina moja. Usiandike jina la mwenzako wa bweni wiki ya kwanza ili kuniridhisha. Ngoja. Anaweza kuwa mpishi, anaweza kuwa mama muuza maandazi getini, anaweza kuwa mtu usiyempenda sana. Awe tu mtu ambaye, siku usipotoka nje, atauliza Rehema yuko wapi, na hataridhika akiambiwa umelala.

Ukishampata, andika jina lake, unirudishie kile cheti kwa posta. Alama za mitihani siyo lazima uniandikie, chuo kitanitumia.

Na ikifika likizo ya kwanza nafasi bado ni tupu, usione haya na usitunge. Kirudishe kikiwa kitupu. Sitakutumia ushauri wala vidonge. Nitapanda treni nije nikae getini hapo chuoni asubuhi, na watakapouliza huyu mzee anamtafuta nani, nitakuwa nimeuliza mimi wa kwanza.

Mama yako anaita. Begi limefungwa na hamjui kitana kimebaki wapi. Kiko hapa, mezani kwangu. Nakuletea.

Baba yako